Hedhi nzito na mazoezi: je, niache kukimbia?

SWALI (limefupishwa): Nina miaka 36 na watoto wawili. Nakimbia mara nne kwa wiki na kunyanyua vyuma mara mbili. Kwa mwaka mmoja sasa hedhi yangu inachukua siku nane. Mwezi uliopita nilihesabu pedi: nne zilizolowa nusu siku ya kwanza, nane zilizolowa chapachapa siku ya pili, saba za namna hiyo siku ya tatu, nne nusu siku ya nne, halafu mbili mbili za matone mpaka mwisho. Yalitoka mabonge makubwa matatu, na mara mbili nilichafuka hadi kwenye taiti nikiwa mazoezini. Nina kitanzi cha shaba, huu ni mwaka wake wa tatu. Mwalimu wangu wa mazoezi anasema kukimbia ndiko kunakoongeza damu. Mama mkwe anasema ni uchafu, niuache utoke. Kasi yangu imeshuka na ngazi zinanikata pumzi. Vidonge vya kuongeza damu vilinivuruga tumbo nikaviacha. Miezi mitatu ijayo nina mbio za kilomita 21 na kwa hesabu yangu zitaangukia siku zangu. Nifanye nini, daktari? Niache mazoezi?

JIBU:

Dada, mazoezi usiache, ila usiendelee nayo kana kwamba shida yako ni pedi tu. Kwa maelezo yako kuna mambo mawili yanayokwenda pamoja. Kuna kitu kinachokifanya kizazi kitoe damu kupita kiasi, na kuna akiba ya madini ya chuma ambayo kwa mwaka mzima imekuwa ikipungua bila kurudishiwa. La kwanza linahitaji kuchunguzwa, la pili linahitaji kupimwa na kujazwa. Ukishughulikia moja ukaliacha lingine, utakuwa unajaza maji kwenye mtungi wenye ufa.

Nianze na hayo uliyoambiwa. Damu ya hedhi si uchafu. Ni damu yako ile ile inayobeba oksijeni kwenda kwenye misuli, ikiwa imechanganyika na utando wa ndani wa kizazi na majimaji ya uke. Ikitoka nyingi, umepoteza nyingi, basi.

Kuhusu mazoezi, hakuna ushahidi kwamba kukimbia, kuruka au kunyanyua vyuma huongeza kiasi cha damu inayotoka kwa mwezi. Namwelewa mwalimu wako, kwa sababu kuna jambo linaloonekana kwa macho na linadanganya. Ukilala au ukikaa muda mrefu, damu hujikusanya sehemu ya juu ya uke na kuanza kuganda. Ukisimama, au ukipiga hatua za kwanza za mbio, inashuka yote kwa mkupuo, na bonge juu yake. Damu hiyo ilikuwa imeshatoka kwenye kizazi kabla hujavaa viatu. Tena kwa wanawake wanaojifua sana huku wakila kidogo, mara nyingi hutokea kinyume chake: hedhi hupungua, hukatika, au huruka miezi halafu ikaja kwa fujo. Kama yako inakuja kwa mwezi wake bila kuruka, sioni sababu ya kuyashuku mazoezi.

Je, ni nyingi kweli?

Ndiyo, na unaweza kuithibitisha kwa namba. Kuna chati ya kuhesabu damu ya hedhi kwa alama, inayotumika tangu 1990. Pedi yenye matone hupewa alama 1, iliyolowa nusu alama 5, iliyolowa kabisa alama 20. Tamponi (pamba inayoingizwa ukeni) ni 1, 5 na 10 kwa mpangilio huo huo. Bonge dogo la ukubwa wa sarafu ndogo ni alama 1, kubwa alama 5, na kila mara unapochafuka nguo ni alama 5. Jumla ya mzunguko mmoja ikifika 100, inakadiriwa umepoteza zaidi ya mililita 80 za damu, wakati kawaida ni kama mililita 30 hadi 40.

Hesabu yako ni hii: siku ya kwanza 20, ya pili 160, ya tatu 140, ya nne 20, pedi nane za mwisho 8, mabonge 15, kuchafuka 10. Jumla 373. Najua wengi hubadilisha pedi kabla haijalowa vizuri, na pedi kubwa za usiku hubeba zaidi ya zile za mchana, kwa hiyo chati hii ni makadirio. Lakini hata kama pedi nne kati ya nane za siku ya pili na nne kati ya saba za siku ya tatu zilikuwa zimelowa nusu tu, bado ungefika 253. Hapo hakuna ubishi. Na hata mwanamke ambaye alama zake hazifiki 100, kama hedhi inamzuia kufanya kazi, kulala au kutoka nyumbani, tunaihesabu kuwa nzito na anastahili matibabu.

Andika alama hizi kila mwezi kuanzia sasa. Ndizo zitakazokuambia kama dawa inafanya kazi, maana kumbukumbu ya mtu huwa ya mwezi mbaya kuliko yote.

Kabla sijaendelea, kuna hali ambazo si za kusubiri miadi. Ukilowesha pedi kubwa kila saa kwa saa mbili au zaidi mfululizo, au ukiona kizunguzungu cha kutaka kuanguka, moyo kwenda mbio umekaa tu, kifua kubana au pumzi kukatika bila kufanya kazi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo damu ikija na homa na maumivu ya chini ya kitovu, au ukihisi maumivu makali ya upande mmoja. Mwenye kitanzi hapati mimba kirahisi, ila akiipata, uwezekano wa kuwa imetunga nje ya kizazi ni mkubwa kuliko kwa wengine. Kwa hiyo kipimo cha mimba hufanywa hata kama wewe una uhakika huna.

Chanzo kiko wapi

Kila atakayesikia habari zako atakinyooshea kidole kitanzi cha shaba, na kweli kitanzi hicho huongeza damu na maumivu ya hedhi. Ila tazama tarehe. Damu inayoletwa na shaba huwa mbaya zaidi miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, kisha kwa wengi hutulia. Wewe ulikaa nacho muda mrefu salama, ndipo mambo yakabadilika. Mabadiliko yanayokuja yamechelewa namna hiyo yanataka maelezo mengine: kitanzi kimesogea au kimeanza kushuka kwenye mlango wa kizazi, kuna maambukizi, au kuna kitu kipya kilichoota ambacho hakihusiani na kitanzi kabisa.

Kwa umri wako, cha kutafutwa kwanza ni fibroidi, yaani uvimbe usio wa saratani unaoota kwenye misuli ya kizazi. Ni wa kawaida sana, hasa kwa wanawake weusi, na kwao huanza mapema na kuwa mkubwa zaidi. Hapa watu hukosea kwa kutazama ukubwa peke yake. Fibroidi ya sentimita 2 iliyochomoza ndani ya tundu la kizazi inaweza kukumaliza damu, wakati ya sentimita 7 iliyoota upande wa nje inaweza isikupotezee hata tone. Kwa hiyo majibu ya ultrasaundi yakisema una fibroidi, swali la kwanza kumuuliza daktari ni imekaa wapi, je, inagusa utando wa ndani? Kuna pia polipu, kinyama kidogo kinachoning'inia ndani ya kizazi, ambacho dalili yake mara nyingi ni matone katikati ya mwezi. Na kuna adenomayosisi, ambapo tishu ya utando wa ndani huingia kwenye msuli wenyewe wa kizazi. Hii hupenda kuja na maumivu yanayoongezeka mwaka hadi mwaka, na huwapata zaidi waliokwisha kuzaa.

Sababu inayosahaulika ni damu yenyewe kutoganda vizuri. Jiulize: hedhi yako ilikuwa nzito tangu uvunje ungo? Ulitokwa na damu nyingi ulipojifungua, ulipong'oa jino au ulipofanyiwa upasuaji? Ngozi huvilia damu bila kugongwa, pua au ufizi hutoa damu mara kwa mara, au kuna ndugu wa damu mwenye tabia hiyo? Majibu ya ndiyo yakiwa mawili matatu, omba upimwe ugonjwa wa von Willebrand, ambao ndio wa kawaida zaidi kati ya magonjwa ya kurithi ya damu kutoganda. Kwako shida imeanza ukiwa na miaka 35, baada ya kuzaa mara mbili, kwa hiyo sikuweki huko mbele. Kama una mdogo wako ambaye hedhi yake inalowesha kitanda tangu ana miaka 13, huyo ndiye ningemuuliza kwanza. Pia taja dawa zote unazotumia: za kuzuia damu kuganda, aspirini, na hata virutubisho vya jimu.

Vipimo vya kuomba ukifika, kwa majina yake: picha kamili ya damu, feritini (kipimo cha akiba ya chuma), kipimo cha mimba, ultrasaundi ya nyonga (bora ile ya kupitia ukeni, huona ndani ya kizazi vizuri zaidi), na kukaguliwa mlango wa kizazi pamoja na nyuzi za kitanzi. Tezi ya thairoidi hupimwa kama una dalili zake, mfano kuongezeka uzito bila sababu, kuhisi baridi au sauti kukwaruza. Kuchukua kipande cha utando wa kizazi kwa kawaida ni kwa wenye miaka 45 na kuendelea, au wadogo zaidi wenye uzito mkubwa, mzunguko usioeleweka, au ambao dawa zimeshindwa kuwasaidia.

Feritini ndiyo itakayoachwa usipoitaja. Himoglobini (sehemu ya damu inayobeba oksijeni) ya mwanamke asiye mjamzito ikishuka chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu, lakini akiba ya chuma huisha kabla himoglobini haijashuka. Ndiyo maana mtu anaambiwa "damu yako iko sawa" huku anakata pumzi mlimani. Feritini chini ya 15 maana yake akiba imekwisha, na wengi wetu tunaotibu wanamichezo tunaanza kutibu ikiwa chini ya 30. Usipime siku ya pili baada ya mbio ndefu wala ukiwa na mafua au homa: feritini hupanda kwa muda mwili ukiwa umechokozwa, na utapewa namba nzuri ya uongo. Pumzika siku moja au mbili, kisha nenda asubuhi.

Kupunguza damu yenyewe

Wakati unasubiri vipimo, kuna dawa isiyo ya homoni ambayo haigombani na kitanzi chako: asidi ya traneksamiki. Inazuia mabonge madogo yanayoziba mishipa ya kizazi yasiyeyushwe mapema, na inaweza kupunguza damu kwa karibu nusu. Kipimo kilichozoeleka ni gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, mara tatu kwa siku, kuanzia damu nzito inapoanza na kwa siku zisizozidi nne. Kosa la kawaida ni kumeza kidonge kimoja kimoja pale unapokumbuka, kisha kusema dawa haina kazi. Kosa la pili ni kuianza siku kadhaa kabla ya hedhi, ambako haina la kufanya. Isitumiwe na aliyewahi kupata damu kuganda kwenye mguu au mapafu, kiharusi au kifafa, wala pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni bila daktari kuridhia. Mwenye figo mbovu hupunguziwa dozi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au macho yakaanza kuona tofauti, acha dawa uende hospitali.

Ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku pamoja na chakula, au asidi ya mefenamiki miligramu 500 mara tatu, hupunguza damu kidogo kuliko traneksamiki lakini huondoa na maumivu. Yoyote moja kati ya hizo mbili inaweza kutumika pamoja na traneksamiki. Zinakatazwa kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochokozwa na dawa hizo, na kwa mwenye damu isiyoganda vizuri. Kwako kama mkimbiaji naongeza moja: usimeze ibuprofeni kabla ya kukimbia mbio ndefu kwenye joto. Figo zikiwa zimekauka kwa jasho, dawa hii huziminya zaidi. Meza ukisharudi, umekunywa maji na umekojoa.

Tiba ninayoiona bora kwako, kama ultrasaundi haitaonyesha kitu kinachotaka kuondolewa, ni kubadilisha kitanzi: shaba itoke, kiingie chenye homoni ya levonojestreli miligramu 52. Unabaki na kinga ya mimba, na damu hupungua kwa hadi asilimia 90 ndani ya miezi 6 hadi 12. Wengi hukikatia tamaa mapema kwa sababu miezi mitatu hadi sita ya kwanza huleta matone yasiyo na ratiba. Ukijua hilo mapema utavumilia. Kisichofaa ni kukiweka kwenye kizazi ambacho tundu lake limepindishwa na fibroidi, kwani kinaweza kushuka na kutoka.

Vidonge vyenye homoni mbili pia hupunguza damu, na unaweza kuunganisha pakiti ili hedhi isije kila mwezi. Lakini havifai kwa mwenye shinikizo la damu, mvutaji sigara mwenye miaka 35 na zaidi, au mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni. Sindano na vijiti sivipi nafasi ya kwanza kwa mkimbiaji anayetaka kujua lini atachafuka, kwa kuwa matone yake hayatabiriki.

Ikipatikana polipu au fibroidi iliyochomoza ndani, hutolewa kwa kifaa kinachopitishwa ukeni bila kukata tumbo, na wengi huruhusiwa kwenda nyumbani siku ile ile. Kuchoma utando wa kizazi ni kwa asiyetaka kuzaa tena, na kutoa kizazi ni hatua ya mwisho kabisa. Ukianziwa na hiyo kabla hujajaribiwa dawa, tafuta daktari wa pili.

Chuma, na kwa nini tumbo lilivurugika

Kila mililita ya damu ina karibu nusu miligramu ya chuma. Tuseme unapoteza mililita 120 kwa mwezi: hizo ni miligramu 60, sawa na miligramu 2 kwa siku, juu ya ile 1 ambayo kila mwili hupoteza. Utumbo kwa kawaida hunyonya miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku. Nyama na maharage vinasaidia kutunza, lakini shimo la mwaka mzima halizibwi na sahani.

Soma pakiti ya vidonge vyako utafute kiasi cha chuma halisi, si uzito wa kidonge. Ferasi salfeti ya miligramu 200 ina chuma miligramu 65 hivi. Ferasi glukoneti ya miligramu 300 ina 35 tu. Vingine vinavyoitwa vya kuongeza damu ni asidi ya foliki peke yake, havina chuma ndani. Anza na kidonge kimoja cha miligramu 60 hadi 65 siku moja ndiyo, siku moja hapana. Huo si uvivu. Ukimeza chuma, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, inayofunga njia ya kunyonya chuma kwa muda wa siku nzima hivi, na kidonge cha pili kikija mapema sehemu kubwa yake hubaki utumboni kukuchafua tumbo. Himoglobini ikiwa chini sana daktari anaweza kukuambia umeze kila siku, mfuate.

Mazoezi nayo hupandisha hepsidini, na kilele chake ni saa tatu hadi sita baada ya kumaliza. Kwa hiyo meza asubuhi kabla ya kukimbia, au ndani ya nusu saa baada ya kurudi, na maji yenye ndimu au tunda lenye vitamini C. Chai, kahawa, maziwa na dawa za kiungulia zikae mbali kwa saa mbili. Tumbo likikataa kabisa, meza na chakula kidogo, au hamia glukoneti. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Vidonge vifungiwe mbali na watoto wako: vichache tu vinaweza kumuua mtoto.

Pima tena baada ya wiki nne. Himoglobini iliyokuwa chini inatakiwa iwe imepanda kwa gramu 2 hivi. Isipopanda, aidha hunywi vizuri, aidha damu bado inatoka kuliko unavyoingiza, au kuna shida ya kunyonya, na hapo dripu ya chuma huzungumzwa. Ikishafika kawaida, endelea na vidonge miezi mitatu mingine ili akiba ijae. Hapa ndipo wengi huachia njiani.

Mazoezi katika siku zenyewe

Mstari ninaouweka ni huu. Himoglobini ikiwa 12 na zaidi, hata kama feritini iko chini, kimbia kama kawaida ila usishangae ukichoka. Kati ya 10 na 12, kimbia taratibu kiasi cha kuweza kuzungumza sentensi nzima, acha mbio za kasi za kurudiarudia na usifukuzane na saa. Chini ya 10, tembea na kujinyoosha mpaka ianze kupanda. Chini ya 8, au ukiwa na dalili umepumzika, hakuna mazoezi, kuna hospitali. Kwenye vyuma, siku unayosikia kichwa chepesi usinyanyue chochote juu ya kichwa wala usichuchumae na mzigo begani bila mtu wa kukushika. Ukitumia saa ya mapigo ya moyo, angalia: mapigo kupanda kuliko ulivyozoea kwa kasi ile ile, wiki baada ya wiki, ni dalili ya mapema kuliko uchovu.

Ili usichafuke, tumia ile tabia ya damu kujikusanya. Ukiamka, usitoke moja kwa moja. Tembea ndani ya nyumba nusu saa, fanya kazi ndogo ndogo, chuchumaa mara kadhaa, nenda chooni ushushe kilichokaa, ndipo uvae kipya na utoke. Siku ya pili na ya tatu zunguka mizunguko ya karibu, inayokurudisha chooni kila dakika 30 hadi 40, badala ya njia ndefu ya kwenda na kurudi.

Pedi peke yake inakuangusha kwa sababu jasho hulegeza gundi na mapaja huikunja katikati, ndipo damu inapita pembeni. Ivae kwenye chupi ya kubana, juu yake taiti nyeusi. Mafuta mazito ya kuzuia michubuko yapake kwenye mikunjo ya mapaja tu, yasiguse mahali gundi inaposhika. Kinga mbili ni bora kuliko pedi mbili zilizopandanishwa: tamponi au kikombe cha hedhi ndani, chupi ya hedhi nje. Tamponi isizidi saa nane, na kwa wingi wako haitafika hata tatu. Homa ya ghafla, kutapika na vipele ukiwa na tamponi ni dharura: itoe na uende hospitali.

Kikombe hubeba mililita 20 hadi 30, zaidi ya tamponi kubwa, na kinakuonyesha kiasi kwa macho. Lakini una kitanzi, kwa hiyo sikiliza: kamwe usikivute kikombe kwa shina lake kikiwa kimeng'ang'ania. Ingiza kidole, minya kitako chake mpaka usikie hewa inaingia, ndipo ukishushe. Mvuto huo unaweza kushusha kitanzi. Mwombe mhudumu akate nyuzi fupi, na ukizisikia zimerefuka, tumia kinga nyingine mpaka ukaguliwe.

Zile kilomita 21

Miezi mitatu inatosha kupandisha himoglobini, ila haitoshi kwa kitanzi cha homoni kutulia. Ukikiweka mwezi huu, tegemea matone siku ya mbio, si mafuriko. Njia nyingine ni kusogeza hedhi kwa vidonge vya homoni ya noretisteroni, miligramu 5 mara tatu kwa siku, kuanzia siku tatu kabla ya tarehe unayotegemea hedhi. Damu huja siku mbili tatu baada ya kuacha. Sharti la kwanza ni kwamba chanzo cha damu yako kiwe kimeshachunguzwa. La pili, uwe hujawahi kupata damu kuganda kwenye mishipa, kwa sababu kwa dozi hiyo sehemu ya dawa hugeuka mwilini kuwa estrojeni. Wengine huwavimbisha tumbo na kuwaumiza kichwa, kwa hiyo ijaribu mwezi mmoja kabla, usiijue mara ya kwanza kwenye mstari wa kuanzia.

Kama mashindano yako yana upimaji wa dawa zilizokatazwa, noretisteroni iandike kwenye fomu ya upimaji, kwani mabaki yake kwenye mkojo yanaweza kufanana na ya dawa iliyopigwa marufuku. Dripu ya chuma inayozidi mililita 100 ndani ya saa 12 nayo hairuhusiwi nje ya matibabu ya hospitali bila kibali, kwa hiyo tunza karatasi zako zote.

Ukienda kliniki beba alama za mwezi uliopita na za mwezi huu zikiwa zimeandikwa siku kwa siku, tarehe kitanzi kilipowekwa, na pakiti ya vile vidonge ulivyoviacha. Baada ya mizunguko mitatu ya dawa, alama zikiwa hazijashuka hata kufikia nusu ya 373, usiongeze mwezi wa nne wa kuvumilia. Rudi, useme dawa imeshindwa, na uombe tundu la kizazi litazamwe kwa kamera.